Mchuzi Mweupe wa Samaki Mweusi

Fei Caiyun alipika miaka arobaini na miwili bila mtu kumwambia amekosea, na hilo ndilo lililomponza. Mumewe, Lu Genbao, seremala wa kijiji cha Liuqiao, hakuwa mtu wa maneno. Chakula kikimpendeza alimaliza bakuli na kulisogeza mbele lijazwe tena; kisipompendeza alimaliza vilevile, ila hakulisogeza. Wake wa wenzake huambiwa wanapendwa. Caiyun alisogezewa bakuli, na siku zote aliona linatosha.

Sisi tunaokaa kaskazini ya Mto Yangtze tuna ugonjwa wetu, na hakuna ukoo usioujua. Mtu huanza kukwamwa na wali. Mwezi unaofuata hukwamwa na tambi, kisha uji, kisha mate yake mwenyewe. Baba yake Genbao alikufa nao, na kaka yake pia. Genbao alipoanza kushushia kila tonge kwa maji, akisingizia mchele mbaya, Caiyun alijua, na Genbao alijua kuwa mkewe anajua, na wote wawili wakanyamaza miezi miwili kana kwamba kunyamaza ni dawa. Binti yao, Wenjuan, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kule Suzhou, alirudi nyumbani kwa sikukuu ya mwaka mpya, akamwona baba yake anavyokula, akaacha vijiti mezani. Ndiye aliyemburuta mpaka hospitali ya mjini.

Daktari Xue, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alimpasua kwa saa sita. Aliukata umio wenye saratani, akalivuta tumbo juu, akaliunganisha na koo. Alipotoka alisema uvimbe wote umetoka. Genbao alirudishwa wodini na mipira mitatu: mmoja wa hewa, mmoja ulioingia puani ukashuka hadi utumboni wa kumlishia, na mmoja uliotoka ubavuni na kumwaga maji ya kifuani katika chupa iliyowekwa sakafuni. Caiyun alilia, akamshukuru daktari kwa kuinama mara tatu, kisha akauliza jambo moja tu, lini atakula.

Akaambiwa kwa mdomo bado sana. Chakula kitapita kwenye mpira, nacho kitatoka hospitali, uji maalumu uliofungwa kwenye mfuko. Caiyun aliutazama ule mfuko uliotundikwa kwenye mti wa chuma, na ule uji wenye rangi ya ukuta ukidondoka tone baada ya tone, akaona aibu kwa niaba ya mumewe. Mtu aliyelishwa vizuri maisha yake yote, leo ananyweshwa kitu kisicho na jina. Kichwani alikwisha kuamua.

Nyuma ya hospitali ile pana uchochoro wa majiko. Mama mmoja mnene, Bibi Ding, amepanga majiko ya gesi ukutani, na kila mwenye mgonjwa hupata lake. Watu hapo hawaulizani majina. Wanaulizana, "Wako anaumwa wapi?" na jibu ni kiungo cha mwili. Mmoja atasema ini, mwingine pafu. Siku Caiyun alipofika na sufuria yake alijibu umio, na wanawake wawili wakasogea kumpa nafasi, wakaanza kumfundisha kana kwamba yeye alihitaji kufundishwa. Samaki mweusi, wakasema. Mchukulie samaki mweusi.

Hilo alilijua tangu utoto. Kwetu mtu akishonwa, iwe mzazi au aliyeangukiwa na boriti, hupelekewa mchuzi wa samaki mweusi, yule wa madimbwini mwenye kichwa kama cha nyoka. Huyo hufunga kidonda. Na mchuzi wake lazima uwe mweupe kama maziwa. Mchuzi usio mweupe, watu husema, ni maji ya kuoshea samaki, na mwanamke akiupeleka hospitali atasengenywa mpaka vitukuu. Caiyun aliuchemsha kama mama yake alivyouchemsha. Alipasha mafuta ya nguruwe hadi yakatoa moshi, akamkaanga samaki pande zote mbili, akammwagia maji yanayotokota palepale, akafunika, akaacha moto ukiwa mkali mno, sufuria ikitetemeka. Dakika ishirini baadaye alifunua, na weupe ule ukamtuliza roho kuliko maneno yote ya daktari.

Nesi Tao, msichana mwenye haraka zake, alikuwa amekataza supu za nyumbani kwa sababu huziba mpira. Caiyun alichuja ya kwake kwa shashi mara tatu. Mchana wauguzi walipokwenda kula, alivuta pazia, akaufyonza mchuzi kwa bomba kubwa la sindano, akausukuma kwenye mpira wa puani mwa mumewe polepole, huku akimtazama usoni. Genbao alifumba macho. Hakuonja kitu, maana mchuzi ulipita kando ya ulimi wake bila kuugusa, lakini mashavu yake yalipata rangi kidogo. Ilikuwa siku ya nne tangu apasuliwe.

Siku ya sita, chupa ya sakafuni ikabadilika. Maji ya kifuani yalikuwa mekundu mwanzoni, kisha yakawa ya njano kama chai iliyopoa, na kila mtu akafurahi. Sasa yalikuja meupe. Caiyun ndiye aliyeona kwanza. Aliinama, akaifuta chupa kwa kiganja akidhani ni ukungu, kisha akasimama na kumwita nesi kwa sauti iliyofanya wodi nzima igeuke.

Daktari Xue alikuja, akapiga magoti, akaiangalia chupa muda mrefu. Akawatoa Caiyun na Wenjuan nje ya mlango.

"Mama," alisema, "ukila wali, au nyama isiyo na mafuta, utumbo unavipitisha kwenye damu moja kwa moja, damu inavipeleka kwenye ini. Mafuta hayaendi njia hiyo. Nyongo inayavunjavunja yawe chembe ndogo, utumbo unayanyonya, unayafunga vifurushi vidogo sana, halafu unavitia kwenye mishipa mingine kabisa, isiyo ya damu. Mtu akila mafuta, mishipa hiyo inageuka myeupe. Yote inakutana kwenye mfereji mmoja, mwembamba kama tambi, unaopanda kando ya uti wa mgongo, unapita nyuma ya umio, unakwenda kumwaga kwenye mshipa wa damu hapa." Akajigusa chini ya shingo, upande wa kushoto. "Kwa Mzee Lu mfereji huo umetoboka. Mafuta yote anayopata yanapanda mpaka kifuani, yanamwagika."

Wenjuan akauliza kama ulitoboka wakati wa kupasuliwa. Daktari akasema ndiyo, wakati wa kupasuliwa. Saratani ilikuwa imeushika, na mtu akiwa na njaa mfereji huo ni mwangavu kama maji, hauoni hata mwenye macho manne. Hakuzungukazunguka, na kwa hilo apewe haki yake.

Kisha akasema lililokuwa na uzito. Mfereji ukikosa mafuta ya kubeba, hukauka na tundu hujifunga lenyewe. Aliwapa siku kumi. Chupa ikipungua, wamepona. Isipopungua, itabidi amfungue tena kifua, na kwa mwili ule hakutaka kabisa kumfungua mara ya pili. Mfuko wa uji ukabadilishwa, ukaletwa mwingine usio na mafuta, na Nesi Tao akabandika karatasi ukutani juu ya kitanda: MAFUTA MARUFUKU.

Sasa msikilizeni Caiyun alivyoelewa. Sisemi alikuwa mjinga. Mwanamke aliyelisha watu miaka arobaini si mjinga wa mafuta. Mafuta aliyajua. Mafuta huelea. Hutengeneza macho ya dhahabu juu ya mchuzi, na mwenye kijiko huyaengua. Basi siku hiyo alipika samaki wake kama kawaida, maana bila kumkaanga weupe hauji, kisha akasimama na kijiko robo saa nzima akiengua. Alipomaliza akalaza karatasi laini juu ya mchuzi, akaiinua, akaitupa, akalaza nyingine. Halikubaki hapo hata jicho moja la mafuta. Bibi Ding alilishika bakuli, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Dada, humu hakuna mafuta hata ya kupaka kope," akasema. "Huu ni mchuzi wa malaika."

Na kile cheupe kilichotoka ubavuni? Caiyun alikiwazia usiku na mchana. Kwa macho yake kilikuwa uboho wa mumewe, nguvu aliyoiweka akiba ujana wake wote, na sasa inamwagwa chooni na mfagizi kila asubuhi. Kitu kikitoka lazima kirudishwe. Akaongeza samaki, wakawa wawili.

Kila asubuhi Nesi Tao aliinama kusoma alama za chupa, na kila asubuhi mchirizi uleule mweupe ulikuwa umefika palepale. Siku ya tatu. Siku ya tano. Genbao alikuwa anayeyuka. Mikono iliyokuwa ikishika randa ikabaki mishipa na ngozi, na mashavu yakaingia ndani. Sauti yake tangu apasuliwe ilikuwa ya mkwaruzo, na sasa hakuitumia ila kuomba ageuzwe. Caiyun alimgeuza, akamsugua mgongo, akaenda uchochoroni akakoleza moto. Kadiri alivyomwona anakonda ndivyo alivyouchemsha mchuzi kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyouchemsha ndivyo ulivyokuwa mweupe, naye akaona afadhali lipo jambo moja duniani linalomtii.

Daktari Xue alichanganyikiwa. Alimwita Wenjuan, akamuuliza kama mzee anapewa kitu kingine. Wenjuan akasema hapana, na kwa kadiri ya ufahamu wake alisema kweli, kwani mchana ndiyo saa aliyokuwa akijilaza kwenye nyumba ya wageni baada ya kukesha. Alimwita Caiyun, akamuuliza.

"Mafuta hapati hata tone," Caiyun akajibu.

Angeweza kuapa mbele ya kaburi la mama yake. Supu hakuitaja kwa sababu ya yule nesi na mpira wake, lakini kwa habari ya mafuta hakudanganya. Daktari akatikisa kichwa na kusema basi tundu ni kubwa kuliko alivyofikiri. Siku ya tisa alileta karatasi za kukubali kupasuliwa tena. Alisoma moja baada ya nyingine yale yanayoweza kutokea, na lilipofika neno kifo Wenjuan alisema amesikia, asirudie, akatia saini. Operesheni ikapangwa kesho kutwa.

Mchana wa siku iliyofuata, Genbao alichukuliwa kupigwa picha za kifua saa ileile ya mchuzi, na wauguzi hawakumtoka mpaka jioni. Caiyun alibaki na themosi yake mapajani. Mchuzi wa samaki kwetu haulali. Ukipoa unanuka shombo, kwa hiyo hunywewa moto ukaisha, na aliyebaki nao humwaga. Lakini siku ile hakuweza kuumwaga. Samaki wawili, na mtu wake anakwenda kupasuliwa kesho. Akaurudisha uchochoroni, akaumimina kwenye bakuli, akaliweka ndani ya friji ya Bibi Ding ili aupashe moto asubuhi ampe walau kidogo kabla hawajamchukua.

Asubuhi alifungua friji. Juu ya bakuli palikuwa na ganda jeupe, gumu, nene kama kidole. Aliligonga kwa kijiko likalia. Akalivunja, akainua kipande, akakinusa, akakisugua kati ya vidole viwili mpaka kikayeyuka na kumwachia utelezi. Chini ya ganda mchuzi haukuwa mweupe tena. Ulikuwa maji ya kijivu yenye ukungu.

Bibi Ding aliuliza kuna nini.  Caiyun alilibeba lile bakuli kwa mikono miwili kama lilivyo, akatoka uchochoroni, akavuka uwanja, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tano kwa sababu hakuweza kusimama kungoja lifti. Daktari Xue alikuwa kwenye meza ya wauguzi na Wenjuan, wakimalizia karatasi za operesheni. Caiyun akaliweka bakuli katikati ya zile karatasi.

"Nimekuwa nikimpa huu," akasema. "Kila siku. Niliengua yote, daktari. Niliengua mpaka na karatasi."

Daktari alilitazama ganda, akamtazama yeye. Akauliza ulipikwaje. Caiyun akaeleza, mafuta ya nguruwe, kukaanga, maji yanayotokota, moto mkali. Nesi Tao aliziba mdomo wake kwa mkono.

"Mama," daktari akasema polepole, "ule weupe ndiyo mafuta yenyewe. Moto mkali unayavunja yawe chembe ndogo mno, hayawezi kuelea, huwezi kuyaengua. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na nyongo tumboni. Wewe umeifanya kwenye sufuria. Ulimpa yakiwa yameshavunjwa, utumbo ukayachukua yote."

 Kisha Wenjuan, bila kupaza sauti, akasema, "Iliandikwa ukutani, Mama. Kwa herufi kubwa kama kichwa changu. Mimi ningefanya nini zaidi, ningekuandikia usoni?"

Daktari akakusanya karatasi za operesheni, akaziweka mfukoni, akasema hapasuliwi mtu leo. Wataanza kuhesabu siku upya, bila mchuzi, tuone.

Aliyetegemea kusikia kwamba Caiyun alilia, la, hakulia. Alikwenda kuosha bakuli. Alilisugua kwa maji ya moto na sabuni mara nne, na bado vidole vyake vilihisi utelezi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema mtu afanye nini akigundua kuwa nguo yenyewe ni yeye.

Alimwambia Genbao siku hiyohiyo. Aliona hawezi kumsugua mgongo na kumficha. Alipiga magoti kando ya kitanda ili mdomo wake uwe karibu na sikio la mumewe, akamweleza tangu samaki wa kwanza. Genbao alisikiliza akitazama dari. Alipomaliza, Genbao alitafuta sauti yake kwa muda mrefu.

"Ulikuwa wa moto," akasema. "Ule wa mfuko unaingia baridi kama maji ya kisima. Nilikuwa nangoja mchana nipate joto tumboni."

Caiyun aliweka paji la uso kwenye chuma cha kitanda. Bora angetukanwa. Wenjuan alikuwa akimnyima maneno, na lile aliliweza, hata lilimsaidia. Hili la Genbao lilimkata mahali ambapo hakuna daktari anayeshona.

Siku mbili tu bila mchuzi, chupa ilishuka nusu. Siku ya tatu maji yalirudi njano, mwangavu, machache. Nesi Tao aliinyanyua chupa kuwaonyesha wagonjwa wengine, na wodi nzima ikamwambia Genbao kuwa yeye ni mti wa chuma. Daktari Xue alitabasamu kwa mara ya kwanza, akasema tundu linajifunga. Wenjuan alimletea mama yake maandazi ya mvuke, akayaweka kando yake bila kusema ni ya nani. Siku hiyo Caiyun alithubutu kufikiri kwamba Mbingu zimemtisha tu, ili ajifunze.

Siku ya nne, homa. Ilianza na kikohozi kidogo, na jioni Genbao alikuwa anawaka. Picha ikaonyesha mapafu yote mawili yameshikwa. Walimpa dawa moja, wakabadilisha, wakampa nyingine. Daktari Xue aliwaita tena nje ya mlango, palepale pa mwanzo, na safari hii alikuwa akiangalia viatu vyake. Alisema yale maji meupe hayakuwa mafuta peke yake. Mfereji ule hubeba pia walinzi wa mwili, chembe zinazopigana na magonjwa, na hubeba nguvu ya damu. Kwa zaidi ya siku kumi vyote hivyo vilikuwa vikimwagika kwenye chupa. Tundu limejifunga, alisema, lakini ndani hakuna tena askari wa kupigana.

"Angekuwa hakupewa mchuzi?" Caiyun akauliza.

Daktari Xue alikuwa mtu mwema, na watu wema hudanganya vibaya. Alisema ugonjwa wake ulikuwa mzito tangu mwanzo. Caiyun alimtazama mpaka akamaliza, akamshukuru.

Siku ya tatu ya homa, asubuhi, daktari alikuja kitandani bila faili mkononi. Alimgusa Genbao bega, akauliza kama anaumwa popote, akawageukia wao.

"Mrudisheni nyumbani leo," akasema. "Na mpeni chochote anachotaka kula."

Kila mtu kwetu anajua maneno hayo. Daktari akikukataza chumvi, akikukataza pombe, akikufokea kwa kipande cha nyama, jua unaishi. Akikwambia mpeni anachotaka, tafuteni mbao za jeneza. Wenjuan aligeuka ukutani. Nesi Tao alipanda kwenye kiti, akaibandua ile karatasi juu ya kitanda, akaikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama stempu.

Gari la wagonjwa liliwafikisha Liuqiao kabla ya adhuhuri. Kitanda kiliwekwa sebuleni, kama inavyotakiwa kwa mtu anayekufa. Majirani walikuja, wakasimama mlangoni, wakasema anaonekana vizuri, wakaenda zao. Genbao aliomba mto uinuliwe. Kisha akamwita mkewe kwa kidole.

"Mama Wenjuan. Mchuzi."

"Mchuzi gani?"

"Ule wa hospitali." Akapumzika kidogo. "Tumbo limeunywa wote. Mdomo haujauonja."

Caiyun akasimama pale kama aliyesahau miguu inafanyaje kazi. Wenjuan ndiye aliyechukua kikapu kwenda sokoni, akarudi na samaki mweusi aliyekwisha kuparuliwa magamba, akamweka kwenye ubao wa jikoni. Akamshika mama yake kiwiko. Ulikuwa mguso wa kwanza tangu siku ya bakuli.

"Mpikie, Mama. Daktari amesema chochote."

Aliwasha jiko. Alibandika sufuria ya chuma motoni, akafungua gudulia la mafuta ya nguruwe, akatia kijiko. Mafuta yalikuwa meupe na magumu kwa ile baridi, na kijiko kilizama humo kikasimama chenyewe. Kichwa chake kilijua vizuri kwamba hakuna tena cha kuvuja wala cha kuharibika, kwamba kijiko kimoja hakiwezi kumuua mtu aliyekwisha kupewa ruhusa ya kula chochote. Mkono haukutaka kusikia habari za kichwa. Alijaribu mara tatu kukiinua kile kijiko. Sufuria ilianza kutoa moshi ikiwa kavu. Mwishowe alifunga gudulia, akateremsha moto ukawa mdogo kabisa, akamlaza samaki kwenye maji baridi na vipande vya tangawizi, akakaa kwenye kigoda, akangoja.

Mchuzi ulitoka mwangavu. Ungeweza kuona ua lililochorwa chini ya bakuli. Harufu yake ilikuwa ya dimbwi. Aliongeza chumvi, akaongeza na kitunguu cha majani, akijua vyema kwamba hakuna anachokifunika.

Alimnyanyua Genbao kichwa, akamtia kijiko mdomoni. Genbao aliushika mchuzi ulimini muda mrefu kabla ya kuumeza. Kilikuwa kitu cha kwanza kupita kooni mwake kwa karibu mwezi mzima, na kilipita. Wenjuan alitoa sauti ndogo ya furaha. Caiyun akachota kijiko cha pili, lakini midomo ilikuwa imefungwa.

"Nani kapika?" Genbao akauliza.

Caiyun alikitazama kijiko. "Mke wa Shen," akasema. "Jirani. Kaleta sasa hivi."

Genbao akakubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyejibiwa jambo alilokuwa akilishuku. "Mshukuru," akasema. "Wewe umechoka, pumzika. Kesho utanipikia mwenyewe."

Caiyun akasema ndiyo, kesho, atampikia. Akakaa kando yake na bakuli mapajani mpaka likapoa. Genbao alikufa jioni hiyohiyo, watu wakiwa wanapika nyumba zote za jirani, na ladha ya mwisho aliyoondoka nayo mdomoni ilikuwa ya mchuzi aliodhani umepikwa na mwanamke mwingine.